Tulivyokwenda Guangzhou Kununua Dramu za Bendi ya Mkonge

Wenzangu wa Bendi ya Mkonge,

Tangu turudi mmekuwa mkinipitia dukani mmoja mmoja na swali lile lile: kulikoni huko China? Mmesikia kwamba mimi na Zubeda tuligombana mbele za watu mpaka kazi ikasimama kiwandani. Mmesikia kwamba Zubeda alilia. Mmemwendea mwenyewe, naye akawajibu, "Muulizeni Monika," akaendelea kuchagua mchele wake. Basi nikamfuata nikamwuliza niseme kiasi gani. Akasema, "Sema yote. Nimechoka kuficha." Naandika badala ya kusimulia barazani kwa sababu barazani mtanikatiza kwa vicheko, na habari hii ina mahali pa kucheka na mahali pa kunyamaza.

Ya pasi, viza na tiketi nayaruka. Na kwa kuwa najua karatasi hii itasomwa pia na wana na wakwe, naeleza machache ambayo ninyi mnayajua. Mkonge ilikuwa bendi ya wasichana wa Tanga, dramu na filimbi, miaka ya sabini mwanzoni. Tulishindana kwa gwaride uwanjani kila sikukuu na bendi nyingine za mjini, tukiwa na sketi za kijani na soksi nyeupe. Mimi, mfupi kuliko wote, nilibeba dramu kubwa kifuani, watu wakawa wanaona miguu tu inatembea. Zubeda aliongoza dramu ndogo. Yeye ndiye aliyezikaza ngozi na kuzilinganisha sauti asubuhi ya mashindano, na hapakuwa na mtu mwenye sikio kama lake. Sasa tumekubaliana kukutana tena, tupige mbele ya watoto wetu. Dramu za zamani panya wamezimaliza. Mkachanga, mkatutuma sisi wawili: mimi kwa kuwa nimezoea safari za kufuata nguo Dubai, Zubeda kwa ajili ya sikio lake. Siku ya mkutano mlimpigia makofi. Naomba mkumbuke makofi hayo.

Tanga mpaka Dar es Salaam

Ndani ya basi Zubeda alishika kiti cha dirishani upande wa kushoto, akasema anapenda upepo. Nilifurahi. Tangu kila mmoja aolewe, hatukuwa tumewahi kukaa pamoja saa tano mfululizo bila mtoto, mgeni au chungu jikoni kutuita.

Tulipopita Segera nikamweleza jambo ambalo sikuwa nimemwambia mtu nje ya nyumba yangu, kwamba binti yangu Elizabeti ameachika, amerudi na mtoto mdogo. Nilisema nikitazama mbele, maana habari kama hiyo huisemi ukimtazama mtu usoni. Zubeda akatabasamu, akanigusa goti.

"Alhamdulillahi," akasema. "Hongera sana, shoga yangu."

Sikusema tena mpaka Chalinze, na kutoka Chalinze mpaka Dar nilisema tu kwamba nina kiu. Nilijiambia labda hivi ndivyo urafiki unavyozeeka: mtu anabaki na sura ile ile lakini ndani amehama.

Bombay

Hapo tulipobadilisha ndege, ile ya kutupeleka Hong Kong ilichelewa siku moja na nusu. Hatukuelezwa sababu kwa lugha tuliyoielewa. Tuligawiwa wali na dengu ndani ya maboksi ya karatasi, na pilipili iliyotutoa machozi, kisha tukaachwa kwenye mabenchi pamoja na Wahindi waliokuwa wakirudi kazini, watawa wawili, na bwana mmoja aliyelala na viatu vyake chini ya kichwa.

Hapo ndipo hasira yangu ilipolegea, kwa sababu Zubeda alianza kukumbuka. Nawaambieni, alikumbuka kila kitu. Alikumbuka hata nani alivaa soksi za kaka yake.

"Kwako mashindano yapi yalikuwa mazuri kuliko yote?" aliniuliza, na kabla sijafungua mdomo akajijibu. "Kwangu mimi ni yale ya mvua."

Mnayakumbuka. Tulikuwa wa mwisho kuingia uwanjani, na mvua ilianza bendi ya tatu ikiwa katikati. Ngozi zetu zilikuwa za mbuzi. Zikilowa, zinakuwa kama chapati iliyoachwa usiku kucha. Bendi ya Reli walipiga wakasikika kama watu wanaokung'uta magodoro. Watu wakaanza kuondoka. Sisi tulisimama mlangoni tunatetemeka, na mimi nilikuwa nimekwisha anza kulia ndani ya dramu yangu. Zubeda alipita mstari mzima akimgusa kila mmoja begani: "Leo hakuna ngozi. Piga mbao. Piga ukingo, na mguu ushuke kwa nguvu." Tukaingia. Dramu kumi na mbili, vijiti juu ya mbao tu, kakata kakata, na miguu ndani ya matope badala ya dramu yangu. Waliokuwa wakiondoka walisimama, kisha wakanyamaza, kwa sababu bila kunyamaza wasingesikia. Uwanja mzima, na mvua, na sisi. Hatukupata nafasi ya kwanza siku ile, mlikumbuke hilo pia. Tulipata ya pili. Lakini hakuna anayekumbuka nani alikuwa wa kwanza.

"Nilikuwa nasikia kila kijiti," Zubeda alisema. "Nilikuwa najua hiki cha Mwanaisha, hiki cha Tedi." Akatazama mikono yake. Nilidhani ni uchovu.

Kesho yake nilikwenda kunawa uso, na niliporudi nikamkuta ofisa wa uwanja wa ndege amesimama mbele ya Zubeda, amekasirika, anapiga karatasi kwa kidole. Majina yetu yalikuwa yameitwa mara tatu kwenye vipaza sauti. Zubeda alikuwa amekaa chini ya kipaza sauti chenyewe.

"Kwa nini hukuitika?" nilimwuliza tukikimbia.

"Wanavyotamka majina yetu, nani ataelewa?" alisema. Nikakubali. Kweli walitamka vibaya.

Hong Kong mpaka Guangzhou

Ndege ilishuka katikati ya majumba, chini kiasi kwamba niliona nguo zilizoanikwa, na mwanamke akiondoa shati kwenye kamba bila kututazama. Haukuwa umetimia mwaka tangu Waingereza waondoke pale. Hatukulala, tulipanda treni ya kwenda bara siku ile ile.

Ndani ya treni mama mmoja wa Kichina alikaa mkabala nasi. Alimenya balungi kubwa kama kichwa cha mtoto, akatugawia vipande bila kusema neno. Kisha akatoa kwenye mfuko kitu kingine akatukaribisha, nacho kilikuwa miguu ya kuku, na kucha zake. Mimi nilikataa kwa adabu. Zubeda aliweka mkono kifuani, akatikisa kichwa, akamwonyesha mama yule mtandio wake, akaonyesha juu kwa Mungu. Mama akaelewa papo hapo, akampa balungi lingine. Wale wawili walizungumza kwa mikono mpaka mwisho wa safari na wakaagana kama ndugu. Nilishangaa jinsi Zubeda alivyostarehe na mtu ambaye hakuhitaji kumsikiliza. Nilishangaa tu, sikufikiri zaidi.

Liuhua

Tulifikia hoteli ndogo karibu na stesheni kubwa ya reli, sehemu inayoitwa Liuhua. Mbele ya stesheni kuna uwanja, na uwanjani hapo siku zote kuna watu wameketi juu ya mizigo yao, maelfu, kama kwamba mji mzima unahama. Mifuko ile ya nailoni ya mistari ambayo sisi tunaitumia kusafirishia mitumba, kwao ndiyo masanduku. Kando yake ni barabara ya Zhanqian, na huko ni nguo tu, ghorofa juu ya ghorofa. Ningekuwa peke yangu ningepotelea humo mwezi.

Chakula kilitusumbua siku mbili, mpaka tulipoona kibao cha kijani chenye herufi za Kiarabu. Ni mgahawa wa Waislamu wa Kichina kutoka kaskazini. Kijana mpishi anashika donge la unga, analivuta, analikunja, analivuta tena, na mara limekuwa tambi mia. Tulikuwa tunabishana kuhusu supu nilipomsikia mtu nyuma yangu.

"Jamani! Kitanga hicho!"

Alikuwa Mpemba, Bwana Hamadi, mfanyabiashara wa suruali za jinzi, mara yake ya nne kufika mji ule. Alikuwa na tumbo la heshima na sauti ya mwadhini. Ndiye aliyetufundisha kumwita kila mwenye duka *laoban*, yaani bosi, na kwamba ukisikia *meiyou* usiendelee kuuliza, maana yake hakuna. Tulipomwambia majina yetu na tulichofuata, aliweka kijiko chini.

"Dramu? Bendi gani?"

"Mkonge ya Tanga."

"Astaghafirullahi!" Alisimama kabisa. "Mimi nililelewa na mjomba wangu Tanga. Nilipiga matoazi Bendi ya Bandari. Nyinyi ndio mliotuibia kombe siku ya Saba Saba!"

Watu wote mgahawani wakageuka. Bwana Hamadi akaweka bakuli la pilipili katikati ya meza liwe jukwaa la waamuzi, njiti za kulia zikawa mistari ya bendi.

"Mnakuja hivi. Kila mtu anajua: hatua nane, ndipo mgeuke. Kila bendi inageuka hatua ya nane. Ghafla, hatua ya nne, dum-dum! Mkageuka kushoto, mkatupita puani, mkazunguka uwanja wote mkarudi mbele ya jukwaa kama maji. Matoazi yalinianguka! Waamuzi wakasimama. Mliuficha mgeuko ule mwaka mzima, na sisi tulikuwa na mpelelezi kwenye mazoezi yenu!" Akamgeukia Zubeda. "Bi Zubeda, niambie leo nife nikijua. Nani aliyeubuni?"

Zubeda, aliyekuwa akicheka pamoja naye, alitazama bakuli. "Ya kondoo, nadhani," alisema. "Ila wametia viungo vingi."

Bwana Hamadi alicheka mpaka akashika ubavu. "Mpaka leo hawasemi! Wanawake wa Tanga!"

Na sasa na niseme mimi, wenzangu, maana nimeubeba mgeuko ule miaka ishirini na mitano. Haukubuniwa na mtu. Dum-dum ya kugeuka ilikuwa yangu, ndiyo amri, na mimi siku ile nilipotewa na hesabu. Niliona uso wa baba yangu kwenye umati, ambaye alikuwa amesema hatakuja kutazama binti yake akirusha miguu, na nikapiga kwenye hatua ya nne. Nilijua kabla kijiti hakijarudi juu. Nusu ya mstari ilisita. Zubeda peke yake hakusita hata chembe. Aligeuka kushoto kwa kiburi kana kwamba ndivyo tulivyolala tukiota, nanyi mkamfuata, na yeye ndiye aliyeizungusha bendi nzima ikarudi mahali pake. Baadaye nilimfuata nyuma ya jukwaa nikamwambia, "Nimekosea." Akasema, "Na mimi nimekosea. Sasa ukimwambia mtu nitakupiga." Alikosea nami ili nisikosee peke yangu. Mlinibeba mabegani jioni ile. Nisameheni.

Bustanini

Bwana Hamadi aliahidi kutupeleka karakana moja ng'ambo ya mto wanakotengeneza dramu za shule, lakini kwanza ilimbidi akamilishe mzigo wake. Tukapata siku ya bure. Karibu na hoteli kuna bustani yenye ziwa, na miti inayoning'iniza mizizi kama ndevu. Asubuhi tulisikia dramu. Niseme vizuri: mimi nilisikia, nikamshika Zubeda mkono, tukaenda.

Walikuwa watoto wa shule, kama arobaini, mashati meupe na vitambaa vyekundu shingoni, wasichana mbele. Mwalimu wao alikuwa mwanamke mwembamba mwenye filimbi ya kupuliza kama ya refa. Walikuwa wanajiandaa kwa mashindano. Hilo halikuhitaji mkalimani. Mtu aliyewahi kuyaogopa mashindano anamtambua mwenzake kwa mabega. Kulikuwa na kasichana ka mstari wa pili kalikokuwa kakihesabu kwa midomo, kama mimi. Tuliketi kwenye benchi. Miaka yote ile ikarudi, harufu ya ngozi ya mbuzi ikichomwa juani, na chokaa ya viatu.

Kisha mwalimu akainua mkono. Watoto wakanyamaza. Akapuliza filimbi, na wao wakaendelea kupiga, lakini hewani: vijiti vinapanda na kushuka, vinasimama vidole vinne juu ya ngozi. Hakuna kilichogusa. Ni mazoezi ya mikono. Nilisikia kengele za baiskeli barabarani, nikasikia mzee mmoja akikohoa upande wa pili wa ziwa.

Zubeda alikuwa anapiga goti lake kwa kidole, sawasawa kabisa na vijiti vile. Alikuwa ameinamisha kichwa, vile alivyokuwa akikiinamisha asubuhi za mashindano.

"Sikiliza, Monika," aliniambia. "Ile ya tatu kutoka mwisho imelegea kidogo. Lakini hawa wengine! Sauti safi kabisa."

Nilitazama wale watoto. Nilimtazama yeye. Mambo yakaanza kujipanga yenyewe: Bombay chini ya kipaza sauti, kondoo wa Bwana Hamadi, Elizabeti wangu.

"Kweli," nilisema.

Ng'ambo ya mto

Tulivuka kwa kivuko kesho yake. Bwana Hamadi alitufikisha mlangoni, akaeleza haja yetu kwa Kichina chake cha sokoni na mikono mingi, akarudi Zhanqian kwenye jinzi zake. Tukabaki na *laoban*, mwanamke wa umri wetu, nywele fupi, mikono ya shati imefunikwa na vitambaa vya maua isichafuke. Alitumiminia chai. Mfanyakazi alipomwongezea yeye, akagonga meza kwa vidole viwili. Baadaye Bwana Hamadi alituambia ndivyo wanavyoshukuru. Zubeda aliona vidole, akadhani anapimwa. Akamjibu hapo hapo juu ya meza kwa mlio wetu wa kuingilia uwanjani, vidole kumi vyote, vikombe vikaruka. Yule mama alitoa macho, kisha akacheka, akapiga makofi. Akajua wateja wake si wa kubabaishwa.

Dramu zilipangwa chini kwenye mikeka. Siku hizi si ngozi, ni plastiki nyeupe imekazwa kwa pete ya chuma na skrubu. Zubeda alivuta pumzi, akachukua vijiti, akaanza. Anapiga, anainamisha kichwa, anafumba macho, anaisukuma kulia au kushoto. Mtu asiyejua angeapa kwamba anasikia mpaka punje. Ya kwanza ilikuwa nzuri. Ya pili ililia kama debe lenye kokoto; hata mimi nilisikia. Zubeda akaitikia kwa kichwa, ameridhika, akaiweka kulia, upande wa zilizochaguliwa. Ya tano hivyo hivyo. *Laoban* alinitazama. Alikuwa amesikia, na alikuwa ameona kwamba mimi nimesikia.

Hapo nilikumbuka hatua ya nne. Sauti ndani yangu ikasema: yeye alikosea nawe, kosea naye basi, nyamaza, zichukue zote zilivyo. Nilikaribia kuitii. Lakini mwaka ule alikosea nami akijua anakokwenda, na aliturudisha. Mimi nikinyamaza namwacha aende peke yake, na siku ya kufungua maboksi mbele yenu wote ndipo angejua.

"Zubeda," nilimwita nikiwa nyuma yake. Akaendelea kupiga.

Nikazunguka mbele, nikamshika vijiti. "Shoga, husikii."

"Eti nini?"

"Husikii."

"Sema basi, Monika, unanong'ona nini?"

Nawaambieni, hili ndilo lililokuwa gumu kuliko yote. Neno kama lile mtu hulisema polepole, kwa upole, mlango umefungwa. Kwa asiyesikia haiwezekani. Lazima ulipige kelele.

"HUSIKII, ZUBEDA! Masikio yako HAYASIKII!"

Nyundo zilisimama karakana nzima. *Laoban* alikuja mbio akidhani tunagombana juu ya mali yake, anapunga mikono, *meiyou, meiyou*, anazikusanya dramu mbovu kana kwamba kosa ni lake. Huo ndio ugomvi mliousikia.

Zubeda aliweka vijiti chini vikiwa sambamba, kama tulivyofundishwa. Kisha akafunika uso kwa mtandio. Nilikaa chini sakafuni kando yake. Mtu mmoja akaleta kiti, mwingine chai, wote wakajifanya wana kazi.

"Tangu lini?" nilimwuliza alipofunua uso ili auone mdomo wangu.

"Kiwanda cha kamba. Miaka kumi na tisa kwenye zile mashine. Mwanzo walikwenda ndege. Asubuhi moja nikadhani ndege wamehama mtaa. Halafu kengele za baiskeli. Halafu wajukuu, wakisema kwa visauti vyao. Sikio la kushoto limekufa kabisa. La kulia linanidanganya."

"Kwa nini hukusema ulipotumwa?"

"Mlinipigia makofi," alisema. "Wote mlisimama. Ningesema nini? Bila sikio, mimi ni nani kwenu?"

Nilimshika mkono tu. Mkaka aliyekuwa akikaza skrubu mezani alifuta macho, na wala hakuelewa neno.

Baadaye kidogo Zubeda alipenga kamasi, akauliza kwa sauti nyingine, "Zipi nimekosea?"

"Ya pili na ya tano."

"Nyingine je?"

"Sijui. Unanijua, mimi mtu wa dum-dum. Sina sikio."

"Basi leo utakuwa nalo," alisema. Akanipa vijiti. "Fumba macho. Usisikilize inavyoanza, kila dramu inaanza kwa kelele. Sikiliza inavyokwisha. Ikikwisha kama mtu anayefunga mlango polepole, hiyo yetu. Ikikwisha kama mtu anayeburuta viatu, irudishe. Haya."

Tulifanya hivyo tangu asubuhi mpaka jua likaanza kupinda. Mimi napiga karibu na kila skrubu na kuonyesha kwa mkono, juu au chini. Yeye kidole juu ya pete ya chuma, mkono mwingine na kispana, anakaza nusu nusu. Mwanzo nilikuwa nabahatisha, naye akajua. "Unabahatisha," alisema, "uso wako unaomba msamaha." Lakini kwenye ya tisa au ya kumi kitu kilifunguka. Nilisikia ule mwisho wa sauti, ukibana kama pumzi ya mwisho kabla ya usingizi. Nilipofumbua macho Zubeda alikuwa ananitazama.

"Umeisikia," alisema. Hakuuliza.

Mchana *laoban* alitukaribisha chakula chao. Zubeda akasita kwenye nyama. Yule mama akachukua kalamu ya kuwekea alama mbao akachora samaki, akachora pia nguruwe, akamkata nguruwe mstari mkubwa. Tukala samaki na mboga.

Tulipitia dramu ishirini na tatu kupata nane. Tulikuwa tunazifunga, Zubeda ameinama, mgongo kwa mlango, mfanyakazi alipokuwa anapitisha dramu kubwa ikamponyoka ikagonga mwimo. Dum.

Zubeda aligeuka. "Nani huyo?"

Tangu Tanga hakuwa amegeukia sauti yoyote iliyotoka nyuma yake. Alisimama hivyo na karatasi mkononi, macho yanatafuta, kama mtu aliyeitwa jina lake la utotoni. Nilimwendea yule mfanyakazi nikamnyang'anya dramu, nikaomba kijiti chake chenye kichwa cha kitambaa. Nikamfanyia Zubeda ishara anipe mgongo. Nikapiga. Akainua mkono. Nikapiga polepole zaidi. Akainua mkono. Nikaigusa tu, kama unavyompapasa mtoto mgongoni asinzie.

Mkono ukainuka.

"Nilidhani yote yamekwenda," alisema bila kugeuka. "Yako ipo."

Akachukua dramu ndogo mojawapo, akaivaa. Tulipiga mwendo wetu wa Saba Saba pale pale katikati ya karakana, yeye mbele, mimi nyuma, kutoka kwenye mbao mpaka kwenye mapipa ya rangi na kurudi. Nilikosea mara mbili. Wafanyakazi walipanda juu ya meza. *Laoban* alikuwa akipiga mguu, hatua moja nyuma ya mdundo, kwa furaha kubwa. Ndiyo maana mtakuta boksi la tisa ambalo hamkuliagiza. Ndani yake ni dramu kubwa ile, na nimeinunua mimi.

Kwenye kivuko nilimweleza tena habari ya Elizabeti, nikiwa upande wake wa kulia, namtazama usoni. Alipoelewa alishika kichwa. "Na mimi nilisema nini siku ile?" aliuliza. Nikamwambia. Tulicheka vibaya, tulicheka hadi nahodha akatazama, kisha Zubeda akalia kwa ajili ya binti yangu, na mimi kwa mara ya kwanza nikalia pamoja na mtu.

Nyumbani

Njia ya kurudi haikuwa na kisa. Dramu zimefika salama kwa meli, ziko sebuleni kwangu, wajukuu wamekatazwa. Zubeda amekwenda hospitali, nami nikamsindikiza. Daktari amesema sauti nyembamba hazitarudi. Nzito, sikio la kulia bado linazishika, na anaweza kusaidiwa na chombo fulani kitakapopatikana. Amesema aliyetakiwa kuja miaka kumi iliyopita amekuja leo. Zubeda alimwambia, "Nilikuwa nimetumwa China."

Kuhusu siku yetu, tumepanga hivi. Dramu nitazilinganisha mimi asubuhi, yeye akinisimamia, msiogope, nimefaulu. Bendi ataiongoza yeye kama zamani, na hatutageuka mpaka hatua ya nane. Najua kwa desturi dramu kubwa hukaa nyuma kabisa ya wote. Siku hiyo nitasimama hatua moja tu nyuma ya Zubeda, upande wa kulia. Asinisogeze mtu.

Wenu,
Monika